Chuma cha Mfaransa Hakikatwi Ovyo

Anayefufua baiskeli ya kale ya mashindano iliyoundwa Ufaransa hukabiliwa mapema na swali ambalo baiskeli za Kiingereza au za Kijapani za umri uleule kwa kawaida hazimuulizi: kifaa kipya kikikataa kuingia, kikatwe kipi, kifaa au fremu? Karakana nyingi hujibu kwamba ni fremu, kwa sababu fremu tayari iko kwenye jiriwa, kifaa kimenunuliwa kwa pesa taslimu, na chombo cha kukata hesi kipo karibu. Miaka niliyoishi na kazi hii imenielekeza upande mwingine kabisa. Naamini mwenye baiskeli hizi ana ruhusa pana sana ya kubadili: magurudumu, gia, usukani, tandiko, hata tabia nzima ya baiskeli. Lakini ruhusa hiyo inakoma pale ambapo badiliko haliwezi kutenguliwa. Kifaa kinachoingia ni mgeni, na mgeni ndiye anayefuata desturi za nyumba. Nitajaribu kueleza kwa nini msimamo huu una manufaa zaidi kwa mpandaji, si kwa mkusanyaji pekee, na kwa nini unaafikiana na historia ya Wafaransa wenyewe kuliko ule wa watu wanaotaka kila skrubu ibaki kama ilivyotoka kiwandani.

Tuanze na vipimo, maana ugomvi wote unatoka huko. Chukua Peugeot PX-10, iliyokaa kileleni mwa orodha ya kampuni hiyo kwa miaka mingi, katika kizazi cha baiskeli kilichomzaa Bernard Thévenet, mshindi wa Tour de France ya 1975 na ya 1977 akiwa timu ya Peugeot. Mabomba yake ni ya Reynolds 531, chuma cha pua cha Birmingham kilichoingia sokoni mwaka 1935, lakini Wafaransa waliyaagiza kwa milimita. Bomba la tandiko lina kipenyo cha 28 badala ya 28.6 za Waingereza, na ndiyo maana nguzo yake ya tandiko mara nyingi huwa ya 26.4 badala ya 27.2. Bomba la krenki lina hesi ya 35 kwa milimita 1, na la Kiingereza ni inchi 1.370 lenye hesi 24 kwa inchi, yaani karibu 34.8 kwa 1.058. Bomba la uma wa mbele kwa nje ni 25, la Kiingereza ni 25.4, kwa ndani ni 22.0, la Kiingereza ni 22.2. Pedeli ni 14 kwa 1.25, za Kiingereza ni tisa ya kumi na sita ya inchi, sawa na 14.29 kwa 1.27. Frihwili nayo hufungwa kwenye habu ya hesi 34.7 kwa 1. Ukizisoma namba hizi haraka utadhani tofauti ni ndogo kiasi cha kupuuzwa, na hapo ndipo vifaa vingi vya Kifaransa vilipoharibikia. Vipimo vinavyoachana sana hujilinda vyenyewe kwa kuwa kifaa hakiingii kabisa. Vinavyokaribiana hudanganya. Frihwili ya Kiingereza itakubali kuzunguka mara kadhaa kwenye habu ya Kifaransa, fundi ataona imeshika, kisha nguvu za miguu ya mpandaji mlimani zitaikaza hadi ing'oe meno laini ya alumini. Habu imekufa, na aliyeiua hakusikia hata mlio.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kupima kabla ya kufungua, kwa kipimio cha kubana na kwa kipimo cha hesi, tena kupima kila mahali bila kuamini jina lililoandikwa kwenye fremu. Motobécane, kwa mfano, ilitumia kwa muda mrefu bomba la krenki la Kiswisi: kipenyo na hesi ni vilevile 35 kwa 1, ila upande wa mnyororo hufunguka kinyume. Mtu aliyezoea Peugeot akiweka spana ndefu kwenye Motobécane na kuvuta kwa mazoea, anakaza kile anachotaka kulegeza. Vivyo hivyo kwa kung'oa krenki: Stronglight za zamani zinataka king'oleo cha milimita 23.35, T.A. wanataka cha 23, na kile cha kawaida kinachouzwa kila mahali ni cha 22. Cha 22 kitaingia kwenye Stronglight kwa kulegalega, kitashika ncha za hesi tu, na kitatoka nazo.

Sasa tuje kwenye kukata. Mfano ulio wazi zaidi ni shingo ya usukani. Mtu ana shingo mpya ya 22.2 na uma wa 22.0. Anaweza kulichimba bomba la uma kwa ndani, au anaweza kuisugua shingo kwa msasa mpaka ipungue nusu ya tofauti hiyo, milimita 0.1, kila upande. Njia zote mbili humfikisha kwenye usukani unaoshika. Lakini njia ya kwanza imepunguza unene wa chuma kinachobeba uhai wa mpandaji, sehemu ambayo haiwezi kupatikana tena ila kwa kutengeneza uma mpya. Njia ya pili imechukua ganda jembamba la shingo inayoweza kununuliwa tena kesho. Gharama ni ileile, kazi ni karibu ileile, hasara hazilingani hata kidogo. Nimechagua mfano huu kwa sababu hauna utata, na kwa sababu mantiki yake inasimama hata pale mambo yanapokuwa magumu zaidi.

Mahali pagumu zaidi ni bomba la krenki, na hapa wanaopinga wana hoja yenye uzito. Wanasema: mfumo wa Kifaransa una kasoro ya kimsingi, kwa nini tuuheshimu? Kasoro ipo kweli. Mpandaji anapokanyaga, gololi hubingirika ndani ya kikombe, na mbingiriko huo hukisukuma kikombe taratibu kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wa krenki. Waingereza walilijibu hilo kwa kuupa upande wa kulia hesi ya kinyume, ili msukumo uzidi kukaza. Wafaransa waliacha pande zote mbili zikiwa na hesi ya kawaida, na hivyo kikombe cha kulia kina hamu ya kulegea maisha yake yote. Lakini angalia dawa wanayopendekeza wapinzani hawa: kulichimba bomba na kulikata upya kwa kipimo cha Kiitaliano, 36 kwa hesi 24. Kipimo hicho nacho kina hesi ya kawaida pande zote mbili! Ugonjwa umebaki, kilichoondoka ni nusu milimita ya chuma kila upande, na katika bomba la ukubwa ule hakuna kipimo kikubwa zaidi cha kawaida cha kukimbilia siku hesi hizo zikichakaa. Dawa halisi ya kikombe kinacholegea ni kukikaza ipasavyo, kwa bolti nene na washa zinazokibana kikombe pande zote ili spana isiteleze, na kukikagua mara kwa mara. Vikombe vya asili vikiwa na mashimo, soko la vitu vilivyotumika bado linavyo, na watengenezaji wadogo wa Marekani kama Phil Wood wametoa beringi zilizofungwa zenye vikombe vya hesi ya Kifaransa. Aghalabu, kilichohitajika tangu mwanzo ni kuosha, kuweka gololi mpya 11 za robo inchi kila upande, na grisi safi.

Kuna kundi la pili la wapinzani, nalo linanishambulia kutoka upande wa pili. Hawa wanasema kwamba hata ruhusa niliyotoa ni kubwa mno. Kwamba baiskeli huwa ya asili mara moja tu, na PX-10 isiyo na breki zake za Mafac, kibadili gia chake cha Simplex na krenki yake ya Stronglight si PX-10 tena. Nawaheshimu, maana bila ukaidi wao tusingekuwa na kumbukumbu sahihi za kilichotoka kiwandani mwaka gani. Ila nadhani wanachanganya mambo mawili: kitu kilichotengenezwa mara moja na kitu kilichotengenezwa ili kilike. Rangi ya kiwandani, nembo, viungio vya Nervex vilivyochongwa kwa mapindo na kuunganishwa kwa shaba, mkwaruzo wa pampu kwenye bomba: hivyo haviundiki upya, na mtu anayepeleka fremu yenye rangi yake asili ikapulizwe rangi mpya inayong'aa anafuta ushahidi ambao hata pesa nyingi hazitaurudisha. Kutu ya juujuu inatoka kwa asidi ya oksaliki, mabaka madogo yanazibwa kwa brashi nyembamba, na nta inatosha kulinda kilichobaki. Mnyororo, mipira ya breki, waya, tairi, frihwili na utepe wa usukani ni habari nyingine. Vilibuniwa vibadilishwe. Mpandaji wa mwaka 1970 aliyetunza baiskeli yake vizuri alikuwa ameshabadili vingi kati ya hivyo kabla muongo haujaisha.

Tena historia haiwaungi mkono. Huko Saint-Étienne, Paul de Vivie, maarufu kwa jina la Vélocio, mhariri wa jarida la Le Cycliste aliyefariki mwaka 1930, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwashawishi Wafaransa kwamba baiskeli yenye gia nyingi ni bora kwa binadamu kuliko ile ya gia moja, na alifanya hivyo kwa kujaribu mifumo mbalimbali milimani. Waandaaji wa Tour de France walivikataa vibadili gia hadi mwaka 1937. Kwa miaka yote hiyo baiskeli bunifu zaidi Ufaransa zilikuwa za watalii, zilizoundwa na mafundi waliomsikiliza mteja mmoja mmoja. Alex Singer alifungua karakana yake Levallois-Perret, pembeni ya Paris, mwaka 1938. René Herse naye alifanyia kazi zake mji huohuo. Mafundi wa aina hii walichanganya vifaa vya kampuni mbalimbali bila aibu, na pale ambapo hawakuridhika na kilichokuwepo walichonga chao. Herse alikuwa na krenki zake na breki zake. Kwa hiyo kumwambia mtu kwamba kubadili krenki ni kuikosea heshima baiskeli ya Kifaransa ni kumfundisha desturi ambayo Wafaransa wenyewe hawakuwa nayo. Hata mashindano yenyewe yalikuwa hivyo: mpandaji wa timu alipata kile ambacho makanika wake alikiamini siku ile.

Ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, tazama kilichotokea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Peugeot UO-8, Gitane na Motobécane zilipoingia nchini humo kwa wingi mkubwa. Vibadili gia vya Simplex Prestige vilivyofungwa kwenye nyingi kati yake vilitengenezwa kwa Delrin, plastiki ngumu ya kampuni ya DuPont. Vilikuwa vyepesi na rahisi kutengeneza, lakini umri ukisonga hupasuka, hasa pete ya kile cha mbele inayolibana bomba la tandiko. Maduka ya baiskeli ya huko yaliviondoa na kuweka SunTour vya Japani, vilivyokuwa na umbo la mshazari lililobuniwa mwaka 1964 na kubadili gia vizuri zaidi. Baiskeli nyingi za aina hiyo zinazopatikana leo zimekwisha kupitia mabadiliko hayo, na zimedumu kwa sababu hiyo. Anayeiondoa SunTour inayofanya kazi na kurudisha Prestige yenye ufa kwa jina la uasili anarudisha tatizo ambalo mpandaji wa kwanza alishalitatua. Kama anataka kubaki na jina la Simplex, kampuni ileile ya Lucien Juy huko Dijon ilitengeneza vibadili gia vya chuma na alumini miaka ya 1970, vikiwemo Super LJ, na vitasa vyake vya springi, vinavyoshika waya bila kuteleza, bado ni miongoni mwa vitu vizuri zaidi kuwahi kufungwa kwenye fremu.

Kwenye usalama sina nafasi ya mjadala. Shingo za alumini za AVA zinajulikana kwa kupasuka pale mpasuo wa chini unapoanzia, na shingo ikikatika mpandaji huenda chini na uso. Hiyo inatolewa, inawekwa kabatini, haipandwi, hata kama fremu ni safi kuliko zote duniani. Vivyo hivyo usukani: wa Kifaransa hubanwa kwenye kipenyo cha 25.0, nyingine ni 25.4 au 26.0, na kulazimisha mnene kwenye shingo nyembamba huianzishia shingo hiyo ufa. Mfumo wa Helicomatic wa Maillard, wa miaka ya 1980, hauui mtu, ila gololi zake ndogo upande wa gia huchakaa mapema mno, na gurudumu jipya linatatua jambo hilo bila kuigusa fremu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kanuni yangu haimfungi mpandaji mikono: karibu kila kitu kinachoweza kumuumiza au kumchosha ni kitu kinachofunguliwa kwa spana.

Na kinachofunguliwa kwa spana kinaweza kuigeuza baiskeli mno. Gia za PX-10 ziliwekwa kwa ajili ya vijana wenye mapafu ya mashindano. Weka krenki ya T.A. Cyclotouriste, inayokubali meno hadi 26, na mtu wa umri wowote atapanda mlima akiwa ameketi. Gurudumu la 700C hukaa kwenye rimu ya kipenyo cha 622. Ukiweka la 650B, ambalo ni la 584 na ni kipimo kilichopendwa na watalii wa Kifaransa wenyewe, unapata nafasi ya tairi pana la milimita 38 au zaidi iwapo miguu ya uma na mabomba ya nyuma yanaruhusu, na upana wa tairi unarudisha sehemu kubwa ya urefu uliopotea. Breki zinapaswa kufika milimita 19 chini zaidi, na Mafac walitengeneza Raid yenye mikono mirefu, inayoweza kufanya kazi hiyo. Baiskeli iliyokuwa ngumu kwenye barabara mbovu inakuwa laini, na siku mwenye nayo akitaka kuirudisha ilivyokuwa, anabadili magurudumu na breki, basi. Jambo la kujihadhari hapa ni kishawishi cha kulibonyeza bomba la nyuma kwa nyundo na kipande cha mti ili tairi lipate nafasi zaidi. Ukifika hapo, punguza upana wa tairi. Kadhalika miguu ya nyuma iliyoundwa kwa upana wa 120 inaweza kutanuliwa kwa uangalifu hadi 126 ili kupokea habu ya gia 6, maana chuma cha pua kinakubali kupindwa kidogo na kupindwa tena kurudi. Sikio la Simplex lisilo na hesi, kwa upande mwingine, watu hulikata na kulitoboa lipokee kibadili gia cha kisasa, na hilo halirudi. Kipande cha kuning'iniza kinachobanwa na ekseli kinafanya kazi ileile.

Najua msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza kama haya yote si anasa. Raleigh, Phoenix na Hero tulizozizoea zinafuata ukoo wa Kiingereza wa inchi, vipuri vyake vimejaa madukani, na fundi wa pembeni mwa barabara husifiwa kwa kuifanya baiskeli iondoke leo, kwa kukata, kuchomelea au kupiga nyundo. Sina neno dhidi yake. Baiskeli inayobeba mkaa au abiria ina wajibu wa kesho asubuhi, na familia inayoitegemea haiwezi kusubiri kikombe cha milimita 35 kitoke ng'ambo. Kanuni yangu ni ya baiskeli ambayo mtu ameichagua kwa hiari, ambayo kampuni nyingi zilizotengeneza vipuri vyake zimefungwa au kumezwa, kama Huret na Maillard walivyoingia mikononi mwa Sachs ya Ujerumani. Hapo hakuna anayeumia kwa kusubiri kidogo, na kila fremu inayokatwa inapunguza idadi isiyoongezeka.

Gharama nayo hutajwa sana: kwamba pesa za kufufua hupita bei ya baiskeli yenyewe. Mara nyingi ni kweli, lakini ukihesabu vizuri utaona kwamba fedha nyingi huenda kwenye magurudumu, tairi, mnyororo na gia, vitu ambavyo baiskeli yoyote ingevitaka na ambavyo vinaweza kuhamishiwa kwenye fremu nyingine. Kuilinda fremu kunadai hasa muda na kipimio.

Nakubali kukata katika hali moja, pale ambapo hesi zimekwisha kufa. Bomba la krenki lililokwisha kulimwa na kikombe cha Kiingereza, mpaka cha Kifaransa hakishiki tena, halina cha kulindwa. Kabla ya kulichimba, jaribu beringi zisizohitaji hesi, zinazojitanua na kujibana ndani ya bomba, maana ziliuzwa kwa ajili ya majeraha kama haya. Zikikosekana au zikishindwa, kata kwa Kiitaliano, kwa chombo kikali na mafuta mengi, pande zote mbili kwa mstari mmoja, kisha piga chapa ya 36 kwenye kikombe ili fundi atakayekuja baadaye asipoteze muda akitafuta cha 35.